Bei ya Kubomoa

Ukitaka kujenga Sumbawanga, mafundi hawakosekani. Yupo wa matofali ya kuchoma, yupo wa msingi, wa kenchi, wa plasta, wa rangi, na siku hizi yupo kijana wa jipsamu anayekuonyesha kwenye simu yake dari za wateja waliotangulia, zenye taa za bluu zilizofichwa pembeni. Kila mmoja ana bei yake, na maringo yake pia. Ukitaka kubomoa, mambo ni mengine. Hapo haitwi fundi, wanaitwa vijana. Wanachukuliwa asubuhi pale wanapokaa wakisubiri vibarua, wanapewa nyundo na mtaimbo, na jioni wanalipwa hela ya kutwa. Hakuna anayewauliza kazi hiyo wamejifunzia wapi. Methali yetu inamsifu aliyeunda chombo kinachoelea. Aliyekivunja kilichochakaa bila kumdhuru mtu hatukumtungia kitu.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu nilipokarabati nyumba aliyotuachia marehemu baba. Shida yenyewe ilikuwa ndogo, au ilionekana hivyo: vigae vya dari vilivyochakaa, na gundi iliyovishika.

Nyumba ni ya miaka ya 1970. Rukwa ilipofanywa mkoa mwaka 1974, ikimegwa kutoka Mbeya na Tabora, Sumbawanga ikawa makao makuu, na makao makuu yanahitaji watumishi, na watumishi wanahitaji pa kulala. Nyumba za namna ile bado unazitambua ukipita: madirisha mapana ya fremu za chuma, kibaraza kifupi, bomba la moshi la jikoni ambalo siku hizi halitoi moshi wowote. Baba aliishi humo kama mtumishi, na serikali ilipoanza kuwauzia watumishi wake nyumba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akakopa akainunua.

Huku kwetu Ufipa dari si pambo. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mtu anayelala chini ya bati tupu huamka viungo vimekakamaa. Mvua ya Januari nayo ikishuka kwenye bati, mazungumzo yote ndani yanasimama mpaka ipite. Nimefundisha darasa lisilo na dari, najua ninachosema.

Dari la sebule yetu lilikuwa la tabaka mbili. Juu kulikuwa na bodi ngumu za kijivu, zimepigiliwa kwenye fremu ya mbao na maungio yake yamefunikwa kwa fito nyembamba. Hizo zilikuja na nyumba. Chini yake vilibandikwa vigae vyeupe vya foamu, nusu mita kwa nusu mita, vyenye maua ya kubonyezwa. Hivyo aliviweka baba mwenyewe katika miaka ya 1990, kuficha madoa ya maji yaliyokuwa yakivuja kwenye bati. Kila kigae kilipakwa gundi matone matano, manne pembeni na moja katikati, kikabanwa juu kwa kiganja mpaka kishike. Mtaani walikuja kuangalia. Nilipoirithi nyumba, weupe ulikuwa umegeuka njano ya moshi wa jiko la mkaa, vigae kadhaa vilikuwa vimeachia pembe, na ukigonga dari kwa mpini wa ufagio unasikia panya wakihama.

Vigae vya foamu havifai kubaki hata vingekuwa vipya. Moto ukivifikia vinayeyuka na kudondoka vikiwa vinawaka, juu ya kochi na juu ya vichwa. Kwa hiyo kwamba vitoke halikuwa suala la kujadili.

Nikamwita kijana wa jipsamu. Akapima sebule, akapiga hesabu kwenye simu, akataja bodi, vyuma vya fremu, skimu, rangi na nauli. Nikamuuliza: na kuondoa la zamani je?

"Hiyo nakupa bure, mwalimu. Vijana wangu wawili, asubuhi moja tu. Vigae vinatoka kwa mkono, gundi wanaikwangua, bodi wanazishusha kwa nyundo."

Neno hilo la bure lingepita bila kusikika kama kenchi zisingekuwa zimeoza. Bati lilikuwa limevuja miaka, na nilitaka mtu mzima aziangalie mbao kabla sijatundika uzito mpya. Nikamtafuta seremala mmoja mzee, ambaye kwa sasa hapandi tena mapaa kwa kazi bali kwa ushauri. Alipanda kupitia tundu la dari la ukumbini akiwa na tochi. Tulimsikia akikohoa kule juu, akasogea taratibu, akanyamaza. Aliposhuka aliomba maji, akanawa mikono na uso kabla ya kusema lolote.

"Mwalimu, hizo bodi usikubali mtu azikwangue."

"Kwa nini, mzee?"

"Ni asbestosi. Nimezikata sana ujana wangu."

Akakaa kwenye kibaraza akanieleza. Alikuwa msaidizi wa mafundi kwa mkandarasi wa enzi zile. Bodi zilikatwa kwa msumeno wa mkono, juu ya mapipa mawili, na vumbi lilipojaa juu ya mstari wa penseli walilipuliza kwa mdomo ili mstari uonekane, wakaendelea. Hakuna aliyefunga hata kitambaa. Jioni walikung'uta mashati na kwenda nyumbani. Hakuniambia kuwa kikohozi chake kinatokana na hilo, wala sitasema mimi. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo, na mtu wa umri wake aliyevuta tumbaku na kuota moto wa kuni maisha yake yote ana sababu nyingi za kukohoa. Nililoona ni kwamba alinawa uso.

Alizitambuaje? Upande wa juu wa bodi, usiopakwa rangi, ulikuwa na vishimo vidogo vilivyopangana kwa mpangilio wa kiwandani. Kwenye ukingo uliovunjika palichomoza nyuzinyuzi. Misumari ilikuwa imepita kwenye matundu yaliyotobolewa kwanza, kwa sababu bodi hizo ukizipigilia moja kwa moja zinapasuka. Kwa haki, dalili hizo haziwezi kuapiwa. Zipo bodi za saruji zenye nyuzi nyingine zisizo na madhara hayo, na kinachotoa uhakika ni hadubini ya maabara. Mimi nilikuwa na ngazi na tochi. Kanuni ya wanaoijua kazi hii duniani kote inasema kwamba bodi ya saruji ya miaka ile, ukishindwa kuipima, ichukulie kuwa ni asbestosi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikaichukulia hivyo.

Asbestosi ni jiwe lenye tabia ya ajabu: ukilisaga halitoi punje, linatoa nyuzi. Nyuzi hizo haziungui, haziozi, zinashika saruji vizuri, na zilikuwa za bei nafuu. Ndiyo maana karne iliyopita ilizijaza kwenye mapaa, mabomba, breki za magari na dari. Nyingi zilichimbwa karibu nasi kuliko tunavyodhani, Afrika Kusini na Zvishavane kule Zimbabwe. Bodi ya saruji ya namna hiyo huwa na asbestosi asilimia 10 hadi 15 hivi, iliyobaki ni saruji, na saruji ndiyo inayozifunga nyuzi zisiruke. Bodi nzima iliyotulia juu ya kichwa chako haikufanyi kitu cha maana. Iguse kwa msumeno, kwa tindo, kwa msasa, na nyuzi zinaachiwa. Zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu zina unene usiofika maikromita 3, wakati unywele wa binadamu una kama 70. Huzioni, hazikuwashi, hazina harufu. Mwili unashindwa kuzivunja, na zinakaa humo miaka 20, 30, 40, zikiacha makovu kwenye mapafu au zikizaa saratani ya mapafu, au ile ya utando unaoyazunguka, iitwayo mesothelioma.

Hayo hayakugunduliwa jana. Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kusokota nyuzi za asbestosi huko Rochdale, Uingereza, alikufa mwaka 1924 akiwa na miaka 33, na daktari aliyechunguza mapafu yake akaandika alichokiona. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la migodi la kaskazini mwa jimbo la Cape. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Walizaliwa tu na kukulia jirani. Maana yake ni kwamba bodi zetu zilipopigiliwa Sumbawanga katika miaka ya 1970, habari ilikuwa imeshachapishwa. Haikufika kwa msaidizi anayepuliza mstari wa penseli. Hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi katika historia nzima: ujuzi ulisafiri kwa meli ileile iliyobeba bidhaa, ukabaki bandarini.

Uingereza ilipiga marufuku asbestosi yote mwaka 1999, Kenya ikafuata mwaka 2006, Afrika Kusini mwaka 2008. Marekani, yenye sifa ya kuwahi kila kitu, ilichelewa mpaka 2024 kuipiga marufuku aina ya mwisho iliyokuwa bado inatumika nchini humo. Kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni zake za taka hatarishi, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Lakini kuzuia kuingiza mpya ni jambo moja. Za zamani ziko juu ya vichwa vya watu na zinazeeka, na hakuna afisa wa forodha anayezikagua humo. Atakayekutana nazo ni kijana mwenye nyundo.

Sasa turudi kwenye gundi, maana hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu mwangalifu angefikiri kwamba kazi ya hatari ni kushusha bodi, na kukwangua gundi ni usafi tu. Ni kinyume. Vigae vya foamu vinaachia kirahisi, lakini gundi ya zamani hubaki kwenye bodi kwa mabonge magumu, na kila fundi ana dawa yake: wengine wanaipasha moto, wengine wanapaka thina, wengi wanakamata kisu cha pati au tindo na kukwangua mpaka uso uwe laini. Ukiikwangua gundi iliyoshika saruji ya asbestosi, inatoka na ngozi ya bodi. Matone matano kwa kila kigae, vigae vya dari zima, kijana amesimama kwenye ngazi, kichwa kimeinuliwa, mdomo wazi, uso uko chini kabisa ya kinachodondoka. Huwezi kubuni mkao mbaya zaidi. Na yote hayo ili bodi iwe safi, bodi ambayo baada ya saa chache inashushwa na kutupwa! Foamu na gundi ya baba, kwa miaka yote ile, zilikuwa zimeifunika bodi na kuilinda isiguswe. Kilichotakiwa ni kuiacha gundi ilipo na kuishusha bodi pamoja nayo, nzima.

Nilipomweleza kijana wa jipsamu hakubisha, na hilo nampa sifa. Aliuliza swali moja la kifundi: je, vyumbani nako? Tukaamua kwa kutazama. Vyumba vya kulala havikuwahi kuvujiwa, bodi zake zilikuwa imara, rangi haijabanduka. Hizo tukaziacha. Akajenga fremu mpya chini yake iliyoshika ukutani, bila kutoboa bodi hata tundu moja, na jipsamu ikaja chini. Juu, kwenye kenchi iliyo karibu na tundu la dari, tukaandika kwa rangi nyekundu: BODI ZA ASBESTOSI, USITOBOE, USIKATE. Atakayepanda kufunga waya wa umeme baada yangu anastahili kujua. Sebuleni maji yalikuwa yamelainisha bodi na mbili zilikuwa na nyufa. Hizo hazikuwa na budi kutoka.

Mzee akakataa tuanze mara moja. Ilikuwa Agosti, na anayeijua Ufipa anaujua upepo wa kiangazi unaotoka kusini mashariki na kupekua uwanda mzima bila mti wa kuuzuia. Alitaka mvua zianze, hewa itulie na iwe na unyevu. Mimi nami nilitaka likizo ya Desemba. Katikati nikasafiri Mbeya kutafuta barakoa, zile za daraja la P3 zinazobana uso, kwa kuwa barakoa za kitambaa tulizobakiwa nazo tangu wakati wa korona hazizuii nyuzi hizi ipasavyo. Barabara ya Tunduma ni lami sasa, matunda ya mkataba wa msaada wa Marekani wa 2008. Waliosafiri kabla ya hapo wanakumbuka tulivyokuwa tukishuka kwenye basi wote tukiwa na rangi moja, nyekundu, kuanzia nyusi hadi soksi. Vumbi lile lilituchafua na tukalicheka. Lilikuwa vumbi la heshima, linajitangaza.

Desemba ilipofika niliwapeleka wanangu kwa shangazi yao Laela, tukatoa vyombo vyote sebuleni, tukazima umeme kwenye meni swichi, tukafunga madirisha, tukatandika nailoni nzito sakafuni na kuipandisha ukutani. Kisha mzee akaomba bomba la kunyunyizia mahindi dawa. Nilikuwa na jipya ambalo halijaonja sumu. Tukalijaza maji na matone ya sabuni ya vyombo, na kazi ikaanza kwa mvua hiyo ndogo ya ndani, kwa sababu uzi uliolowa hauruki.

Kati ya vijana wawili mmoja alikuwa na ndevu anazozitunza. Barakoa haishiki kwenye ndevu. Hewa inapita pembeni. Mzee akamwambia achague, ndevu au kazi ya ndani. Akachagua ndevu, akafanywa mchota maji, na mwenzake akamtania tangu asubuhi mpaka jioni. Mzee hakucheka.

"Mwanangu, huyu anatania," alimwambia, "lakini wewe umefanya uamuzi wa mtu mwenye akili. Usiingie."

Vigae vilivyolegea vilitolewa kwa mkono vikiwa vimelowa. Vilivyong'ang'ania viliachwa. Fito za maungio zikabanduliwa taratibu. Kwenye misumari ndipo nilipojifunza jambo ambalo kitabu chochote kisingenifundisha. Mimi ningeng'oa msumari. Mzee alisema msumari ukiuvuta, kichwa chake kinaivunja bodi. Akaagiza ikatwe fremu, kutokea juu, kwa msumeno, mbao kwa mbao, bodi ishuke ikiwa imebeba vipande vyake vya mbao na misumari yake na gundi yake na vigae vyake vilivyobaki.

"Mbao tutanunua nyingine," alisema. "Bodi hii hatuinunui tena, kwa hiyo hatuna haraka nayo."

Ikashuka ya kwanza mikononi mwa watu wawili, ikazungushiwa nailoni mara mbili, ikafungwa kwa utepe wa gundi, ikaandikwa HATARI. Juu ya bodi palikuwa na maisha mengine: viota vya panya vilivyojengwa kwa magunzi, kinyesi cha popo kilichokauka, na vumbi jeupe la dawa ya kuhifadhia mahindi, ushahidi kwamba kuna wakati mtu aliwahi kuficha mbegu huko. Kinyesi cha popo peke yake kinatosha kumfanya mtu avae barakoa, kwani kinaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Vyote vililoweshwa, vikakusanywa kwa matambara. Ufagio ulipigwa marufuku ndani ya nyumba, na ninaamini hiyo ndiyo amri iliyowashinda zaidi. Mkono wa mtu aliyelelewa vizuri ukiona uchafu unatafuta ufagio wenyewe.

Ugomvi ulikuja jioni, wakati wa kuondoka. Mzee alitaka kila aliyekuwa ndani avue nguo mlangoni, aoge hapohapo kwangu, avae nguo nyingine, na ovaroli zibaki. Kijana akaona aibu, kuoga kwa mwajiri kama mtoto. Hapo nikaingia mimi. Nikawaeleza kuhusu utafiti wa London uliochapishwa mwaka 1965 na Newhouse na Thompson. Katika wagonjwa wa mesothelioma waliochunguzwa walikuwemo watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani; walikaa tu nyumba moja na mfanyakazi, na wake walifua nguo za kazi za waume zao. Kijana yule ana mke, na mtoto anayemkimbilia na kumkumbatia akisikia bodaboda imesimama. Hakusema neno. Alichukua ndoo.

Tulipomaliza tukahesabu fedha. Mzee alikuwa ameshasema tangu mwanzo: bei ya kushusha kwa mita ya mraba iwe sawa na bei ya kupandisha. Mdogo wangu aliye Dar es Salaam, ambaye tulichangia naye ukarabati, alinipigia simu baada ya kuona hesabu.

"Kaka, tunalipa watu kuharibu?"

Nilimweleza, hakuridhika, akatuma. Simlaumu. Sisi sote tumezoea kulipia kinachobaki. Kilichoondoka hakina mahali pa kukionyesha wageni. Babu zetu Wafipa waliofua chuma hawakuwa hivyo. Yale malungu, tanuri ndefu za udongo ambazo magofu yake bado yamesimama Nkansi, yalikuwa na masharti yake: wafuaji walikaa kambini mbali na wake zao, palikuwa na dawa, palikuwa na mkuu wa kazi ambaye neno lake halipingwi. Unaweza kuyaita ushirikina. Mimi naona jamii iliyokubaliana kwamba kazi inayoweza kuua haifanywi na yeyote aliyepita njiani, na kwamba anayeisimamia lazima asikilizwe hata na mwenye mali. Kwenye ubomoaji hatukuwahi kukubaliana hivyo, pengine kwa sababu hatari ya tanuri inaonekana na ya dari haionekani.

Zikabaki bodi zenyewe, zimepangwa uani chini ya turubai, zinasubiri. Afisa wa afya ya mazingira wa manispaa alikuwa ameelekeza zifukiwe kwenye shimo refu lenye alama, bila kuvunjwa wala kuchomwa, na gari lilikuwa halijapatikana. Katika kusubiri huko majirani walianza kuja. Wa kwanza alitaka nne za banda la nguruwe. Wa pili alitaka mbili za kuzungushia bafu. Mama mmoja, mtu ambaye alinisaidia katika msiba wa baba kuliko ndugu wengine, aliomba moja tu ya kufunikia kuku. Kwetu kitu kizima hakitupwi wakati jirani ana la kukifanyia, na mimi nilikuwa nikimnyima mtu kitu ambacho mbele ya macho yake nakwenda kukizika. Hakuna barakoa ya jambo hilo. Nilimnunulia bati mbili. Yule wa nguruwe alibaki ananitazama.

"Mwalimu, wewe umekulia chini ya hizo bodi. Mbona mzima?"

Ni swali zuri, na nilimjibu nilivyoweza: ni mzima kwa kuwa hakuna aliyeikata nikiwa nimelala chini yake. Wewe utaikata ipate kuenea bandani. Utatoboa pa kupitishia waya. Nguruwe watajikuna humo, mvua itaipiga, itavunjika, watoto wataokota vipande wachoree barabarani kama chaki. Alisikiliza, akasema wasomi tuna maneno, akaenda zake. Gari lilipokuja nilipanda nikafuatana nalo mpaka shimoni, maana nilikuwa sina hakika kwamba zingefika zote.

Kijana wa jipsamu alijifunza biashara mpya. Siku hizi kwenye karatasi yake ya makadirio, kuondoa dari la zamani ni mstari wa kwanza, una bei, na chini yake ameandika barakoa, nailoni na maji. Katika nyumba za miaka ya nyuma anapanda kwanza juu na tochi kabla ya kutaja chochote. Wateja wanamnung'unikia. Mmoja wao, nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliniita nisuluhishe. Alikuwa amepata mwingine anayemwondolea dari bure. Nikamuuliza huyo wa bure atakuja na nani. Akasema na vijana. Nikaenda juu kuangalia bodi, nikashuka, nikanawa, nikamwambia alipe. Mpaka naandika haya hajalipa na hajabomoa, na kwa sasa hilo la pili linanitosha.